Kabla Hujamshusha Mwanangu Majini

Kwako dada,

Shikamoo. Naanza na hiyo kwa sababu ni haki yako kwa kunitangulia kuzaliwa, na ndivyo mama alivyotulea. Hata leo, nikiwa na hasira iliyonikosesha hamu ya chakula, siwezi kuiruka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile jino lililokuwa likikusumbua limepata dawa. Sisi huku hatujambo. Goti la mama lina siku zake. Likiamka vizuri anatembea mpaka dukani kwangu kunikagua, likiamka vibaya anatukagua wote kwa simu. Baba watoto ni mzima, anakusalimu, na bado anakushukuru kila akikutaja. Ukisoma mpaka chini utaona kwa nini shukrani hizo zinanichoma. Duka linakwenda. Nimenunua mashine mpya ya kukatia vioo vya miwani, haipigi kelele kama ile ya zamani, kwa hiyo siku hizi wateja wanasikia ninapoguna.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, dada. Kwenye simu wewe huzungumzi, unahutubia. Nikianza neno unalidaka, unalimalizia unavyotaka wewe, halafu unasema una kikao. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo funga mlango wa hiyo ofisi yako, mwambie katibu wako hupokei mtu, unisome mpaka mwisho.

Nianze na ile Jumapili kwa mama, tulipokuja kukupongeza kwa cheo kipya. Sebule imejaa, viti vimetolewa hadi vyumbani, watoto wamekaa chini. Ukaombwa useme mawili matatu, ukasema ishirini. Na katika hayo ishirini ukaiingiza tena ile hadithi yako ya chini ya bahari: kwamba tulikuwa kwenye meli iliyozama, mdogo wako nikapagawa, nikatema kipumulio, na wewe ukakitoa cha kwako mdomoni ukanipa, ukanishika mkono ukanipandisha juu. Safari hii uliongeza kwamba ulikuwa unasali. Watu wakacheka pale ulipoigiza macho yangu yalivyotoka, wakanyamaza pale ulipoigiza unavyonivuta. Mama akakushika mkono akasema, kama si wewe, yeye angekuwa amezika mtoto. Mume wangu akasimama, mbele ya watu wote, akakushukuru mara ya sijui ngapi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe mikononi. Nilikuangalia nikitafuta hata tone la haya usoni kwako. Sikuliona.

Hata hivyo ningenyamaza tena, kama nilivyonyamaza mwaka mzima. Kilichonitoa kwenye kimya ni ulichosema baadaye, wakati watu wanavaa viatu. Ulimshika bega binti yangu ukamwambia kwamba, maadam amemaliza shule na anangoja chuo, utampeleka wewe mwenyewe kupiga mbizi, umshushe mpaka kwenye meli ile ile akaione. Nikasikia akikuuliza kama si hatari kwa mtu asiyejua. Ukacheka, ukasema mambo ya mwanzo ni ya kupoteza muda, mtu anajifunzia huko huko chini, kozi ya siku mbili tatu inatosha, na mama mkubwa wake yupo. Ukamwonyesha picha kwenye simu: wewe kwenye boti, umevaa kila kitu, miwani ya majini imepandishwa kwenye paji la uso, tabasamu sikio hadi sikio. Mwanangu alirudi nyumbani akielea kabla hata ya kuingia majini.

Sasa naomba tuirudie siku yenyewe, mimi na wewe tu, hapana sebule.

Unakumbuka ulivyonianza. Ulikuja dukani ukakuta nimeinamia kioo cha mteja, ukasema nitazeekea kwenye kile kiti bila kuona dunia. Ukanipeleka ufukweni kwa yule mwalimu kijana wa kupiga mbizi mnayemwita Fasta, aliyekwisha kukupa kadi wewe, na jina lake lingenitosha kunionya kama ningekuwa na akili. Asubuhi akatuwekea video ofisini kwake, feni inapuliza karatasi, yeye mwenyewe anatoka na kuingia kupokea wateja. Mchana tukaingia maji ya kifuani. Ile ya kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena niliifanya mara moja, nikakohoa, maji yakanipanda puani, akanipigia makofi akasema imepita. Ile ya kumpa mwenzako hewa akiishiwa hatukuifanya kabisa. Alituonyesha kwa mikono tukiwa juu, kama mtu anayefundisha kucheza muziki kwa kusimulia. Nikamwambia bado sijaelewa. Wewe ndiye uliyenijibu. Ulisema, "Utaelewa ukishuka. Huwezi kujifunza kuogelea ukiwa umekaa kwenye kochi." Nikaona aibu. Nikapokea kadi yangu ya kuhitimu yenye picha nikaitia kwenye pochi.

Siku ya meli, ulijifunga risasi nyingi kiunoni, vile vipande vizito vya kuzamishia, kama mtu anayekwenda kutia nanga. Hiyo nilikuja kuielewa baadaye. Wakati ule nilidhani ndivyo wazoefu wanavyofanya. Ulikuwa mzito, kwa hiyo ukawa unapiga mapezi ya miguuni bila kupumzika ili usizame, na kila ulipopiga ulitimua tope la sakafuni. Fasta alikuwa ametuambia kwa kinywa chake tuizunguke meli kwa nje, tusiingie. Alipogeuka kumrekebishia mtalii mmoja mkanda, wewe ukaingia kwenye mlango wa chumba cha nahodha. Mimi nikaja nyuma yako. Dada, tangu tulipokuwa watoto ukiingia mahali mimi naingia, sijawahi kuuliza.

Mle ndani tope lilifumuka kama unga uliomwagika. Sikuona mkono wangu. Nikashika ukingo wa mlango, nikarudi kinyumenyume mpaka nje, nikangoja. Ulipotoka, hukutoa ishara yoyote ya kuomba hewa. Nilikuona macho kwanza. Halafu mkono wako ukaja usoni kwangu, ukaking'oa kipumulio mdomoni mwangu nusura meno yaje nacho, na kwa mguu ukaipiga miwani yangu ikaruka. Kipumulio cha akiba, kile cha njano, kilikuwa kinaning'inia kifuani pangu wazi kabisa; kimewekwa hapo kwa ajili yako. Hukukitafuta. Ulichukua kilichokuwa kinanipa uhai. Na ulipokivuta kikashindwa kwenda nawe, maana mpira wake umefungwa kwenye mtungi wangu, ukakiachia, ukaufungua mkanda wako wa risasi, ukapaa juu kama kizibo cha chupa, ukaniacha.

Nilimeza maji. Nilikikuta kile cha njano kwa bahati tu, mkono ukipapasa kifua jinsi mtu anavyotafuta kifungo gizani. Nilikitia mdomoni pamoja na maji yaliyokuwemo, nikakohoa ndani yake, nikavuta. Sijui nilikaa hivyo muda gani, nimefumba macho, nikiwa nimekumbatia chuma cha ile meli. Fasta ndiye aliyenikuta. Yeye ndiye aliyenishika mkono, si wewe, akanipandisha polepole, akinisimamisha njiani, mimi nikidhani anataka kuniua kwa kunichelewesha, kumbe kupanda haraka ndiko kunakoumiza.

Nilipofikishwa kwenye boti nilikuwa natapika, na wewe ulikuwa umeshajifunga taulo na umeshaanza kusimulia. Nilisikia kwa masikio yangu: "Maskini alipagawa, nikampa yangu." Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imekuwa ndefu, dada, imefika hospitali, imefika kwa mama, imefika kazini kwenu.

Utaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Hospitalini ulikaa kando ya kitanda changu, ukanichana nywele. Nesi alipotoka ukaninong'oneza kwamba yaliyotokea tusiyazungumze tena, tuyaachie kule kule chini. Nilidhani unaona haya, na haya ya mtu mzima nikaiheshimu. Kumbe ulitaka mimi ndiye nisizungumze. Wewe umeyazungumza kila mahali penye watu zaidi ya watatu.

Hukuwahi kuniuliza nilikuwaje baada ya hapo. Nitakwambia. Sikuweza kuoga kwa kujimwagia. Nilikuwa najifuta kwa kitambaa kama mgonjwa. Mashine ya kukatia vioo inatumia maji, na kila tone liliporuka usoni nilikuwa naacha kazi, natoka nje, nashika ukuta. Nilimharibia mteja vioo viwili kwa siku moja. Mume wangu alidhani ni mishipa. Mimi nilijua ni mkono wako.

Ndipo nikasikia habari za yule mama wa kwenye bwawa la kuogelea nyuma ya shule ya wasichana. Ni mwalimu mstaafu wa michezo, mfupi, sauti ya filimbi, na kila mtu anamwita Mwalimu Tena kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Kazi yake ni kufundisha upya watu waliokwisha kufundishwa. Nilimfuata Jumamosi moja, nikamwonyesha kadi yangu kwa heshima. Aliitazama mbele na nyuma akairudisha kwenye pochi yangu, akasema hiyo tuiache juu, haijui kuogelea.

Somo langu la kwanza, dada, mimi mwenye kadi, lilikuwa kukaa kwenye ngazi za bwawa na kutumbukiza uso. Basi. Kutumbukiza uso na kutoa mapovu, pamoja na watoto wa chekechea waliokuwa upande wa pili na ambao walinizidi. Nililia ndani ya maji, mahali pazuri pa kulilia, hakuna anayeona. Mwalimu aliona. Akasema, "Tena."

Wiki zikaenda. Akanifundisha kuingiza maji kidogo kwenye miwani na kuyapuliza kwa pua, halafu maji mengi, halafu kuivua kabisa na kukaa chini bila kuona, nikipumua taratibu, mpaka moyo uzoee. Akaniogelesha bwawa zima bila miwani, mimi ninayewapa watu macho kwa riziki, nikifuata mstari wa vigae kwa vidole. Akanipunguzia risasi za kiunoni moja baada ya nyingine, kila mara nikidhani sasa nitapaa, na kila mara nikakuta nakaa vizuri zaidi. Akamwaga vifungo vya nguo kwenye sakafu ya bwawa, akaniambia nielee juu yake kiasi cha dhiraa moja, nisiguse chini wala nisipande, kwa pumzi tu. Nikivuta napanda kidogo, nikitoa nashuka kidogo. Mapezi yangu yakitikisa kifungo kimoja, tena. Nilivitikisa vifungo vile mpaka nikavichukia kama watu. Siku vilipotulia vyote, nikakumbuka lile tope la melini, nikajua halikufumuka lenyewe.

Na akanifundisha mambo ya hewa. Kuangalia geji, ile saa ya kupimia hewa ya mtungi, kabla haijaniita. Kupapasa mipira yangu nikiwa nimefumba macho, huu wa mdomoni, huu wa akiba, huu wa jaketi la kuelea. Kutoa ishara kwamba sina hewa, kumpa mwenzangu, kupokea, kushikana mikono, kupanda pamoja polepole. Tulilirudia hilo hadi nikawa nalifanya nikifikiria vioo vya wateja. Nikamwambia nimechoka nalo. Akasema jambo likishakuchosha ndipo linapoanza kuingia.

Siku moja alitazama geji yangu akakuta nimemaliza hewa nusu ya muda wa wenzangu. Akaniuliza huwa nagombana na nani kule chini. Nikamwambia nagombana na dada yangu. Akasema basi nimwache juu, maana mtungi mmoja hautoshi watu wawili.

Nilijaribu kukuacha juu. Nakuapia nilijaribu, na nilikaribia kufaulu. Halafu ikaja ile Jumapili, na wiki iliyofuata akaja Fasta.

Ndiyo, alikuja dukani kwangu. Hakujua ni kwangu. Alikuja kupima macho kwa sababu namba za geji zimeanza kumcheza, akakaa kwenye kiti, akaweka kidevu mahali pake. Nilipoinama kumwekea kioo akanitambua, akataka kuinuka. Nikamwambia akae, sijamaliza. Nilimpima macho mawili kwa utulivu wote wa kazi yangu, nikamwandikia vipimo, halafu nikamweleza ninachofikiri juu ya mtu anayegawa kadi kama vipeperushi. Nilimwambia nilikuwa mikononi mwake na hakunifundisha kitu cha kuniokoa. Hakujitetea. Alisema tangu siku ile ameacha kozi za haraka, anafanya kazi ya kuendesha boti tu. Alisema aliona kila kitu kwa mbali, aliuona mkono wako, lakini alipofika kwenye boti na kukuta umeshasimulia, aliogopa kwamba ukweli ungemfungia kazi. Kwa hiyo mmekuwa wawili mliokalia ulimi wangu.

Nilipomwambia kwamba unataka kumshusha binti yangu, alinitazama kama mtu aliyesikia kituko. Akasema, "Dada yako? Dada yako hajaingia majini tangu siku ile."

Nikamwambia arudie.

Akasema ulikwenda mara moja tu. Ulivaa kila kitu, ukakaa kwenye ukingo wa boti mpaka wenzako wote wakashuka, ukasema tumbo linakusumbua. Hukuweza hata kufungua vishikizo, yeye ndiye aliyekufungulia. Kabla ya kuvua, ukamwomba akupige picha. Ndiyo ile uliyomwonyesha mwanangu. Nikaikumbuka, nikakumbuka nywele zako zilivyokuwa, kavu, zimechanwa, bila hata tone la maji.

Dada, nilikaa pale dukani baada ya yeye kuondoka, mteja akaingia akatoka bila mimi kumuuliza shida yake. Sikuwa najua hasira ina vyumba vingi namna hii. Kumbe hata maji yenyewe huyagusi. Ungemfanya nini mwanangu? Ungemvalisha, ungemfunga marisasi yako, ungemkabidhi kwa fasta mwingine, maana hawaishi, halafu ungekaa kwenye boti na tumbo lako unamngoja atoke. Na kama asingetoka, ungesimulia nini? Uliiona hofu ilivyotufanya mimi na wewe tukiwa watu wazima, ukaona uiletee mtoto wangu kama zawadi, ili tu mtu asijue kwamba unaogopa.

Jumamosi iliyofuata niliingia bwawani nikiwa hivyo hivyo, nachemka. Na hapa nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu mwingine, hata mume wangu.

Mwalimu alikuwa amenionya zamani, na nikakubali, kwamba siku moja atanifungia hewa ya mtungi bila kuniambia ni siku gani, akiwa pembeni yangu, kwenye maji ambayo nikisimama kichwa kinatoka nje. Alichagua siku ile. Nilivuta pumzi, haikuja. Nilivuta tena, nikakuta kama nimenyonya ukuta. Yale yote niliyoyarudia hadi nikachoka, ishara, kunyoosha mkono, kipumulio cha njano, yaliniponyoka. Nilimrukia. Nilimng'oa kile cha mdomoni mwake, nikampiga goti la tumbo, nikamkwangua uso. Wala sikukumbuka kwamba ningeweza kusimama tu. Tulipotoka juu mdomo wake wa chini ulikuwa umepasuka, damu inamdondokea kwenye maji ya buluu ya bwawa. Mama wa watu, wa umri wa mama yetu. Na unajua nilichofanya kwanza? Nilifungua kinywa kumweleza kwamba yeye ndiye aliyenisogelea vibaya. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini kabla sijameza mate. Nilikuwa tayari kuusema.

Sikuusema, kwa sababu niliusikia kwa sauti yako.

Nikamwambia, nimekunyang'anya. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akasema ndiyo, nimeona, zile nyingine zote zilikuwa mazoezi, hii ndiyo ya kwanza ya kweli. Halafu akasema, "Tena," damu bado inamtoka. Tulirudia mpaka mchana, na safari ya mwisho niliomba hewa kwa ishara, nikangoja apokee ishara yangu, nikapokea.

Kwa hiyo sikiliza. Kuninyang'anya nimekusamehe. Nimekusamehe pale pale bwawani, nikiwa na damu ya mtu kwenye kucha. Najua sasa kwamba mkono ule haukuwa na chuki, haukujua hata ni wa nani. Ulikuwa mkono wa mtu asiye na msingi, na msingi hatukupewa, si wewe wala mimi. Ambacho sijakusamehe ni kinywa. Mkono haukupata nafasi ya kufikiri. Kinywa kimeipata nafasi hiyo mwaka mzima, kila Jumapili.

Binti yangu nimeshamwambia. Tulikuwa tunaanika nguo, nikamweleza mwanzo hadi mwisho, na picha pia. Nilidhani atakukasirikia wewe. Alinikasirikia mimi. Aliacha shuka nusu kwenye kamba, akaniuliza inakuwaje baba yake anasimama mbele ya watu kukushukuru na mimi nashika sinia. Aliniuliza kama ningemwacha aende. Sitasahau alivyonitazama, dada. Halafu jioni akaja jikoni akasema kupiga mbizi bado anataka, ila nimwonyeshe hilo bwawa liko wapi. Ameanza. Juzi alikuwa kwenye ngazi anatumbukiza uso na wale wa chekechea, ananuna, anaambiwa tena.

Basi haya ndiyo ninayoyataka, na siombi. Mwanangu hutampeleka popote penye maji. Na mama utamwambia wewe mwenyewe, kwa kinywa kile kile, kabla hatujakutana tena kwake mwisho wa mwezi. Mume wangu utamwambia pia, umwondolee deni la shukrani alilolibeba bure. Ukija pale sebuleni ukaanza kusimulia vingine, nitaweka sinia chini na nitasimulia mimi, mbele ya shemeji na watoto wako, na unajua kwamba nikianza siachii njiani. Sitaki tufike huko. Mama amezeeka, na goti linamtosha.

La mwisho. Nimezungumza na Mwalimu. Sikumtajia jina, nilisema tu kuna mtu mzima anayeogopa na ana kadi nyingi. Akasema aje Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, na asilete kadi. Maji ni ya kifuani. Hakutakuwa na mtu wa kukupiga picha wala wa kukucheka, labda wale wa chekechea. Nitakuwa upande wako wa kulia, na kipumulio changu cha akiba nitakuwa nimekishika mkononi, nimekunyooshea kabla hujakiomba. Hasira yangu bado ipo, nakuambia mapema ili usije ukaona mkono wangu umenyooka ukadhani imeisha.

Nisalimie shemeji. Wabusu watoto, umwambie mdogo wao miwani yake iko tayari, aifuate mwenyewe, nataka nimwone. Mama anakusalimu na hajui kwamba nimekuandikia. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi,
mdogo wako wa tumbo moja.